Kusimama Mpaka Afike

Jumapili alasiri Kindu nzima hushuka mtoni. Nasema nzima na najua natia chumvi, ila njoo mwenyewe usimame kwenye njia ya ukingoni, kuanzia bandarini ukifuata maji yanakokwenda, uone kama utapata pa kuweka mguu. Wanakwaya wametoka kanisani na sare zao, bado wanaimba vipande vipande. Maharusi wanapigwa picha wakiupa mto kisogo, bwana arusi kavaa suti nzito mpaka jasho linamdondoka puani. Wanawake wanachoma samaki na ndizi, moshi unakujia machoni, na kila mmoja anakuapia kwamba samaki wake kavuliwa leo hii asubuhi. Pikipiki zinapiga honi kwenye njia ambayo ni ya miguu. Hapo mimi husimama na kutukana. Mama huniambia, "Punguza mudomo." Sipunguzi.

Tumetembea njia ile, mimi na mama yangu, kila Jumapili kwa zaidi ya miaka ishirini. Wenzetu huja kupunga upepo. Sisi tulikuwa tunakuja kumtazama baba, kama anarudi. Alivuka mto huu asubuhi moja ya miaka ya vita, nikiwa nimesimama ukingoni, na hakurudi tena. Mama akamngoja. Hakukaa eda, hakuvaa nguo za ujane, hakukubali kuitwa mjane hata na shehe, kwa sababu alikuwa na ushahidi kwamba mumewe alifika ng'ambo salama. Ushahidi wenyewe ulikuwa mimi. Na mimi nilikuwa nimesema uongo.

Sasa mama amezeeka. Miguu inavimba, macho yameingia utando, na daktari aliniita pembeni akaniambia moyo wake umechoka. Kila Jumapili nilikuwa najiambia: leo nitamwambia. Tunafika mwisho wa njia, tunageuka, tunarudi, na neno bado sijalisema. Niliogopa afe bila kujua. Niliogopa zaidi kumtazama usoni akiwa anajua.

Nieleze kwanza desturi yetu, la sivyo utaniona nasumbuka bure. Nyumbani kwetu, na kwa majirani zetu wote wa mtaa ule, mtu akivuka mto lazima awe na wa kumsindikiza. Na msindikizaji hasindikizi kwa maneno. Anashuka naye mpaka bichi, pale mitumbwi inapopakia watu, anamwona anapanda, kisha anabaki amesimama, macho majini, mpaka mtumbwi uguse upande wa pili. Aliyevuka akishuka anainua kafi juu mara mbili. Hapo tu ndipo msindikizaji anaweza kugeuka. Anarudi nyumbani na neno moja: amefika. Kabla ya neno hilo uwanja haufagiliwi na sufuria haipandi jikoni. Watoto walie, wageni waje, moto hauwashwi. Kumpa mgongo mtu aliye majini ni kumwachilia mkono. Hivyo tulifundishwa tangu hatujaota meno.

Miaka ile ya vita mji wetu ulikuwa umefungwa. Askari walioushika walikaa ndani, wapiganaji wa msituni wakakaa nje, na sisi katikati bila mashamba. Treni ya Kibombo ilikuwa imesimama, nyasi zikaota kati ya reli mpaka watu wakawa wanalisha mbuzi stesheni. Baba alikuwa mtu wa reli, na mtu wa reli bila treni ni mtu wa kukaa tu. Yeye kukaa hakuweza. Akawa fundi wa kila kitu, anaziba sufuria, anatengeneza baiskeli, ananyoa watu vichwa. Alikuwa mtani mwenye sauti kubwa. Akirudi jioni tulimsikia tangu barabarani, akitangaza kwamba amekuja kuoa tena na bibi arusi ni yuleyule. Mama alikuwa anajifanya amekasirika. Hakukasirika hata siku moja.

Shamba letu lilikuwa ng'ambo, upande wa Alunguli. Tulikuwa tumekula sombe tupu kwa siku nyingi, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila chumvi wala mawese, na wadogo zangu wawili walikuwa wamevimba nyuso. Baba akasema muhogo wetu bado uko ardhini kama haujachimbwa na wengine. Watu wachache walikuwa wanathubutu kuvuka. Akaazima mtumbwi wa jirani, mdogo, umezibwa kwa bati mbele, akasema ataenda asubuhi na kurudi kesho yake. Mama hakutaka. Waligombana kwa sauti ya chini, na sisi tukajifanya tumelala. Asubuhi mama akanitazama mimi, mkubwa wa watoto, nina miaka kumi na mitano.

"Musindikize baba yako," akasema. "Simama mupaka afike."

Tulishuka mtoni mimi na baba, yeye na jembe begani. Akapanda, akajaribu mtumbwi kwa makalio kama mtu anayejaribu kiti kipya. "Ukiona napinduka," akaniambia, "cheka kwanza, halafu njo uite watu," yaani kicheko kwanza, ndipo kelele. Nikacheka. Akasukuma. Alipiga kafi bila haraka, na mimi nikasimama pale nilipofundishwa kusimama.

Nyuma yangu, hapo hapo bichi, mama mmoja alikuwa anakaanga mikate, yale maandazi yetu madogo ya duara. Sijui alipata wapi unga wakati ule. Sijui alipata wapi mafuta. Nilisikia donge likiingia kwenye mafuta ya moto, harufu ikanifikia, na nakuambia ukweli, pua iligeuka kabla ya mimi kugeuka. Alikuwa anagawa makombo, vile vipande vilivyoungua, kwa watoto waliomzunguka. Nikajiambia ni mara moja tu. Nikageuka. Nikapenya, nikasukuma watoto wa watu, mimi mkubwa kuliko wote, nikanyoosha mkono, nikapata kipande kimoja cheusi. Nilikila pale pale nimesimama. Kilikuwa kitamu. Hilo nalo sijaweza kulisahau, kwamba kilikuwa kitamu.

Nilipogeuka tena, mvua ilikuwa imeingia mtoni. Ilitoka ng'ambo, nyeupe, ikafuta miti ya Alunguli, ikafuta katikati ya mto, ikanifikia miguuni. Sikuona mtumbwi. Sikuona hata maji.

Ningesimama! Mvua ya namna ile haikai. Ningelowa kidogo, ingepita, ningeona kama mtumbwi uko ukingoni au hauko. Nimejiambia hivyo mara ngapi mimi. Lakini nilikuwa natetemeka, na nyumbani wadogo zangu walikuwa wanangoja neno langu ndipo sombe ipande jikoni. Yule mdogo kabisa alikuwa ameacha hata kulia. Nikajiambia baba amefika, kwa nini asifike, amevuka mto huu maisha yake yote. Nikakimbia. Njiani nikajifuta midomo kwa kanga, nikajifuta tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mvua inampiga miguu.

"Amefika?"

"Amefika."

Akashusha pumzi. Alikuwa ameridhika, na ingetosha. Lakini mimi mjinga nikaongeza, "Ameinua kafi mara mbili." Hakuwa ameniuliza. Mama akatabasamu, akaingia ndani, akawasha moto. Wadogo zangu walikula. Na mimi nilikula.

Mchana ule tukasikia bunduki upande wa mto. Siku zile bunduki zililia kila siku, hukujua ni ya nani wala kwa nani. Kesho yake wakaufunga mto, hakuna kuvuka, wiki kwa wiki. Baba hakurudi kesho. Hakurudi Ijumaa. Mama hakuhangaika sana. "Amefungiwa ng'ambo," alikuwa anasema, "angalau yeye anakula muhogo."

Siku moja akaja yule jirani mwenye mtumbwi, kofia mkononi. Mtumbwi wake umeonekana, akasema, chini huko, mbali, umepinduka, umenasa kwenye matete. Aliyasema polepole, anamtazama mama. Mama akacheka. Wallahi alicheka!

"Muume wangu hajui kufunga kamba toka tuoane," akasema. "Ameshuka, ameufunga vibaya, maji yameuchukua. Akirudi atakuchongea mwingine."

Jirani hakucheka. Mama akanionyesha kwa kidole. "Uliza huyu mutoto. Alimwona."

Jirani akanigeukia. Hapo ndipo ningesema. Wangeshuka siku ile ile na mitumbwi mitatu, minne, wangepita matete yote. Nilitazama miguu yangu, nikaitikia kwa kichwa.

Vita vikaisha, au tuseme vilihamia kwingine. Mto ukafunguka, watu wakarudi mashambani, wa upande wa Alunguli wakasema hawakumwona baba siku ile. Mama akapata jibu la hilo nalo. Alisikia kwamba wanaume waliokamatwa ng'ambo walibebeshwa mizigo, wakatembezwa kando ya mto kwenda juu, wengine wakavushwa tena huko na kutokea Kibombo. Basi akaenda Kibombo, amekaa nyuma ya baiskeli ya mjomba wangu, mto wa kulalia umefungwa kwenye keria ili asiumie. Kule mchuuzi mmoja wa mchele akamwambia Tunda kuna mtu wa reli, mtani, hana ndugu. Akaenda mpaka Tunda. Alirudi nyumbani amekonda, nyayo zimepasuka, akakaa kwenye mkeka, akaomba maji.

"Si yeye," akasema. "Lakini ni mutu muzuri, masikini. Tumecheka naye."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Ukisimama upande wetu ukitazama ng'ambo, Lualaba inakwenda mkono wa kushoto, kaskazini. Kibombo na Tunda ziko kusini. Mama alimtafuta baba juu, na maji yanakwenda chini. Kule chini, miaka ile, wavuvi walikuwa wakizika waliowakuta kwenye matete. Walizika bila kujua jina, kwa huruma tu, wakaweka jiwe. Nililijua hilo, niliwasikia sokoni wakiongea. Mtu angewauliza mapema, pengine wangekumbuka shati la baba, pengine wangekumbuka jino lake la mbele lililovunjika. Sasa wavuvi wale wenyewe wamekufa, na ukingo walikozikia umeliwa na maji. Hilo ndilo nililomnyang'anya mama. Sikumnyang'anya baba peke yake, nilimnyang'anya na kaburi.

Nikawa fundi wa cherehani. Kila Idi nilimshonea mama nguo mpya ya kitenge chenye rangi kali, njano, kijani, chungwa, kwa sababu mwenyewe alisema baba akirudi asimkute amechakaa. Watu walimsifu barabarani. Walinisifu na mimi, binti mwema, binti anayemtunza mama. Mara mbili walikuja wazee kumposa, akawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Shehe wa msikiti wetu akamweleza kwa upole kwamba miaka imepita, sheria inamruhusu kumhesabu mumewe ni marehemu.

"Shehe," mama akamjibu, "mwanangu alimwona akiinua kafi."

Sasa nifike Jumapili ile ya mwezi uliopita.

Tulishuka kama kawaida, mama amenishika mkono, nguo yake ya njano mpya kabisa. Alasiri jua huwa nyuma yetu na ng'ambo yote inang'aa, unaona mpaka nguo zilizoanikwa. Mama haoni tena mbali, kwa hiyo mimi humsomea. Ndio mchezo wetu.

"Nani anashuka kule?"

"Mwanamke na kuku wawili."

"Na yule?"

"Kijana na baiskeli, anaibeba kichwani."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine, mama."

"Haya. Twende."

Tulipofika bichi palikuwa na binti mmoja, umri kama wangu wa siku ile, amesukwa nywele vizuri, anamsindikiza baba yake. Mtumbwi ulisukumwa. Haujafika hata robo ya mto, binti akatoa simu, akageuka, akaanza kujipiga picha na maji nyuma yake, midomo kaibinua. Mama haoni ng'ambo, ila mgongo ulioelekea mto anauona.

"Weye! Mutoto!" Sauti yake ilinishtua hata mimi. "Geuka! Nani alikufundisha kumupa baba yako mugongo majini?"

Watu wakatazama. Wachoma samaki wakaacha kupepea. Nikamwambia, "Mama, punguza mdomo," ndio, mimi nilimwambia yeye. Binti alikuwa na adabu. Akaficha simu, akapiga goti kidogo. "Unisamehe, koko," akasema, kama tunavyowaita bibi zetu. Mama akalainika palepale. Akamshika mkono, akamgeuza taratibu mpaka akautazama mto.

"Sikukasirikii. Sikia. Unamwona huyu? Huyu njo binti yangu. Alikuwa sawa na weye, wakati wa vita. Njaa iko, mvua iko, bunduki iko. Hakugeuka. Alisimama mupaka baba yake akafika, akainua kafi mara mbili. Njo maana mimi naweza kulala miaka yote hii."

Binti akanitazama kwa heshima. Heshima, mimi! Nikaonja mafuta ya ule mkate midomoni, baada ya miaka yote ile, nikajifuta kwa kanga. Mtumbwi wa baba yake ulifika, kafi ikainuliwa, binti akapunga mikono yote miwili. Mama akauliza, "Amefika?" Binti akasema amefika. Mama akafurahi kama ni mtu wake.

Tukaondoka. Tulitembea hatua kama ishirini.

"Mama," nikasema, "sikumwona."

"Nani?"

"Baba. Sikumwona akifika. Niligeuka."

Alisimama katikati ya njia. Pikipiki ikapiga honi nyuma yetu, ikatupita kwa pembeni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na tusi.

"Na kafi?"

"Hakuna kafi. Niliongeza mwenyewe."

"Alikuwa wapi ulipogeuka?"

"Hajafika katikati."

Nyuma yetu wanakwaya walikuwa wanacheka kitu. Mama alikuwa anatazama chini, anakunja na kukunjua kidole kimoja cha mkono wangu.

"Uligeukia nini?"

"Mikate. Kuna mama alikuwa anakaanga mikate. Nilikuwa na njaa."

"Ulipata?"

"Kipande kimoja."

"Uliwaletea wadogo zako?"

"Hapana, mama. Nilikila pale pale."

Akatoa mkono wake kwenye mkono wangu. Hakunitukana. Ningefurahi anitukane, anipige kibao mbele ya Kindu nzima. Aligeuka na kurudi nyumbani peke yake, anapapasa njia kwa miguu, anagonga watu, na mimi nyuma yake hatua tatu, nikiogopa kumshika na nikiogopa asianguke. Nililia njia nzima. Waliotupita walidhani tumefiwa.

Asubuhi yake nilimpelekea chai. Akaishika bila kunywa.

"Miaka yote hii," akasema, "ulikuwa unanivalisha rangi."

Hakusema zaidi siku ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Salamu aliitikia. Sikuweza kukanyaga cherehani, niliwarudisha wateja. Mdogo wangu wa kiume, yule aliyekuwa ameacha hata kulia, sasa baba wa watoto watatu, alipojua, aliniuliza kama sombe ya siku ile ilikuwa na chumvi. Nikamwambia haikuwa nayo. Akasema, "Mimi nakumbuka ilikuwa nayo," akatoka nje. Baadaye akamwita shehe.

Shehe akamweleza mama vizuri, bila haraka. Eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, akasema. Ni miezi minne na siku kumi, na baba kama alikufa siku ile, basi muda huo umepita zamani sana. Hudaiwi kitu, mama. Eda yako ilikwisha.

Mama alimwacha amalize.

"Ilikwisha bila mimi?"

Shehe akainamisha kichwa.

"Na tena," mama akaendelea, "neno bado halijaletwa. Nililoletewa halikuwa la kweli. Naanzaje kitu bila neno?" Ndipo akanigeukia, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Nunua bafta nyeupe, unishonee nguo ya eda. Na Jumapili urudi bichi, peke yako. Simama pale uliposimama. Usigeuke mupaka mwisho."

Kama nilishona usiku au mchana sikumbuki, najua tu kwamba mishono ya nguo ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyowahi kushona, na nilikuwa naona aibu kwa uzuri wake.

Jumapili nikashuka. Nilifika kabla ya adhuhuri, njia bado tupu, nikasimama. Kisha wakaja, wote, kama wanavyokuja. Wakaja maharusi wawili kwa mpigo, wakagombania mahali pa kupiga picha. Akaja mpiga picha akaniomba nisogee kidogo, mama, unatuharibia. Nikamwambia sisogei, akanitazama kama kichaa, akageuza maharusi upande mwingine. Magugu yalipita majini, visiwa vizima vya kijani, na ndege mmoja mweupe amesimama juu yake anasafiri bure. Jua likanipiga kisogoni. Nyuma yangu mafuta yakaanza kulia kwenye karai. Mikate. Bado wanakaanga pale pale, sijui ni mjukuu wa yule mama au ni mtu mwingine. Harufu ikanifikia. Sikuwa nimekula tangu alfajiri, kwa sababu nyumbani moto haujawashwa.

Sikugeuka.

Nilitazama kila mtumbwi. Kila mmoja niliusindikiza kwa macho tangu unaposukumwa mpaka unapogusa, watu nisiowajua, wanawake na magunia, mzee na mbuzi wake, kijana anayeimba. Wengine walisahau kuinua kafi, siku hizi wanasahau. Nilisimama mpaka wakashuka. Miguu iliniwaka, kisha ikafa ganzi. Nilikuwa natafuta mtumbwi mdogo wenye bati mbele. Cheka basi, unavyotaka. Mtu wa miaka yangu, nakaribia umri wa kuitwa koko, natafuta mtumbwi uliooza zamani. Lakini niliutafuta kweli, kwa moyo wote, kama ningeutafuta siku ile.

Njia ikaanza kupungua watu. Wachoma samaki wakamwaga majivu. Mtumbwi wa mwisho ukavuka, ukafungwa, mwenyewe akapanda ukingo na kupotea kwenye nyumba za Alunguli. Adhana ya magharibi ikasikika. Maji yalikuwa matupu toka upande hadi upande. Nikayatazama bado kidogo, kisha nikageuka.

Uwanja wa nyumbani haukuwa umefagiliwa. Majani na maganda yalikuwa pale pale tangu asubuhi. Jikoni kulikuwa baridi, na watoto wa mdogo wangu walikuwa wamekaa kwenye kizingiti wamejikunyata, wamekatazwa kuuliza chakula. Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni, bado na nguo ya njano. Alisikia hatua zangu.

"Amefika?"

Neno la kujibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikapiga magoti mbele yake.

"Hapana, mama. Hakufika."

"Ulisimama mupaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akatikisa kichwa, taratibu, mara nyingi. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Akasema maneno ya kumrudisha mtu kwa Mungu, yale tunayosema siku ile ile ya msiba, akayasema yote mpaka mwisho. Kisha akavua bangili zake mbili, akaziweka kwenye kiganja changu, akakifunga kwa mikono yake.

"Njo vile," akasema. "Niletee ile nguo. Halafu washa moto, watoto iko na njaa."